Pedali ya Breki Inazama: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Upepo

Awe ni mwenye IST ya kwendea kazini au dereva wa Noah ya Marangu, malalamiko ni yale yale: "Fundi, breki inazama." Na katika gereji nyingi za Moshi na Arusha jibu nalo ni lile lile: "Ina upepo hiyo." Kijana mmoja anaingia chini ya gari, mwingine anapampu, nipo (vile viskrubu vidogo vya kutolea upepo) zinafunguliwa gurudumu kwa gurudumu, pedali inapanda, mteja analipa anaondoka. Haupiti muda anarudi. Pedali iko chini tena, upepo unatolewa tena.

Mfumo wa mafuta ya breki umefungwa kuanzia masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) hadi kwenye magurudumu. Upepo hauna pa kuingilia mpaka mtu awe ameufungua, au mafuta yameisha kwenye kikopo, au kuna mahali panavuja. Kwa hiyo ukiambiwa gari lina upepo, uliza umepitia wapi. Zaidi ya hapo, kuna magonjwa kadhaa ya pedali ambayo hayana uhusiano na upepo: masta silinda iliyochoka ndani, shuu za nyuma (vipande vinavyobana kwa ndani) zilizo mbali na dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu), beringi yenye mchezo. Hayo utayatolea upepo mpaka jua litue na pedali haitapanda.

Mwongozo huu umepangwa kwa namna pedali inavyoshuka, maana hiyo ndiyo inayokuambia uanzie wapi. Inazama taratibu, inaporomoka, inapanda ukipampu, au inabonyea tu? Jifunze kulieleza hilo kabla hujafika gereji, utaokoa hela na muda wa fundi.

Kwanza: gari litembee au lisitembee?

Lisitembee kama pedali inagusa sakafu hata baada ya kupampu. Lisitembee kama unaona majimaji ndani ya rimu au chini ya gari karibu na tairi, au taa nyekundu ya breki imewaka wakati hendibreki umeishusha, au mafuta kwenye kikopo yameshuka chini ya alama ya MIN na hujui yameenda wapi. Muite fundi alifuate gari lilipo, au lipakie kwenye gari la kubebea magari. Kulivuta kwa kamba hakufai. Gari lisilo na breki likivutwa kwa kamba huligonga lile la mbele kwenye mteremko wa kwanza.

Najua watu husema, "Nitakwenda pole pole tu mpaka mjini." Kwa upande wetu huu hilo ni jambo la hatari sana. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, na tofauti hiyo yote unaishuka kwa breki. Anayetoka Machame au Kibosho naye ni hivyo hivyo. Hata barabara kuu ya Arusha, inayoonekana tambarare, ina bonde la Kikafu kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, barabara inashuka hadi darajani kisha inapanda, na malori yanapita hapo usiku na mchana.

Ikikutokea ukiwa unaendesha, pampu pedali haraka haraka, maana mara nyingi utapata shinikizo kidogo la kushikia. Shusha gia: kwenye otomatiki weka 2 halafu L (magari mengine yameandikwa S au B), kwenye manyuo shuka gia moja moja. Vuta hendibreki kidogo kidogo huku umeshikilia kitufe chake, usiivute yote kwa mara moja kwa sababu tairi za nyuma zitafunga na gari litageuka. Washa hazadi, piga honi. Usizime injini na usiweke N: ukizima, usukani unakuwa mzito na busta (kifaa kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga breki) haipati tena nguvu, ukiweka N unapoteza msaada wa injini.

Onyo jingine kabla hatujashika spana. Magari ya haibridi kama Prius na Aqua, na baadhi ya Land Cruiser zenye pampu ya umeme ya breki, yana mafuta yaliyohifadhiwa kwa shinikizo kubwa hata injini ikiwa imezimwa. Usifungue nati ya bomba wala nipo kwenye magari hayo kwa kufuata maelezo ya hapa. Yapeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia ya magari hayo.

Vipimo ambavyo mwenye gari anaweza kufanya mwenyewe

Egesha mahali tambarare, weka P au gia ya kwanza, weka mawe kwenye tairi. Fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, hilo ni la kawaida. Yakishuka haraka kuna mahali yanatoka. Angalia pia rangi: yaliyo meusi kama kahawa yamekaa humo miaka mingi.

Injini ikiwa imezimwa, pampu pedali mpaka iwe ngumu, kisha ikanyage kwa nguvu ya kawaida na uishikilie karibu nusu dakika. Isikilize kwa mguu. Ikisimama imara ni dalili njema. Ikiendelea kushuka chini ya mguu wako, kuna mahali mafuta yanapita.

Sasa, mguu ukiwa bado juu ya pedali, washa injini. Pedali itashuka kidogo na kusimama. Hapo hakuna ubovu. Ni busta imeanza kukusaidia kusukuma. Wapo waliobadilishiwa masta silinda nzima kwa sababu ya mshuko huu wa kawaida. Na busta ikifa, pedali inakuwa ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halisimami vizuri. Anayekuambia pedali yako imekuwa laini kwa sababu ya busta, muombe akuoneshe.

Malizia kwa kuzunguka gari na tochi. Chungulia upande wa ndani wa kila tairi. Mstari wa majimaji yanayong'aa unaoshuka kwenye ukuta wa ndani wa tairi, huku vumbi limegandana juu yake, umekwisha kukuonesha gurudumu lenye shida.

Pedali inazama taratibu, lakini mafuta hayapungui

Upo kwenye taa za barabarani au unasubiri trafiki aruhusu magari, mguu umetulia juu ya breki, na unahisi pedali inateremka polepole mpaka karibu na sakafu. Ukiinua mguu na kukanyaga tena inarudi juu. Kikopo kiko vile vile.

Chanzo cha kwanza hapa ni masta silinda. Ndani yake kuna pistoni zenye raba zinazozuia mafuta yasirudi nyuma. Raba ikilika au ukuta wa silinda ukipata kutu na mikwaruzo, mafuta yanapita pembeni ya raba na kurudi kwenye kikopo. Hayamwagiki nje, ndiyo maana hakuna tone chini ya gari. Mara nyingi inazama zaidi ukikanyaga kwa upole kuliko ukikanyaga kwa nguvu, kwa sababu shinikizo kubwa huibana raba kwenye ukuta. Kwa hiyo fundi anayejaribu kwa kukanyaga kwa kishindo anaweza kukuambia gari ni zima. Mwambie akanyage taratibu na atulie.

Kuna uthibitisho mzuri ambao fundi anaweza kufanya kabla hujanunua spea. Anatoa mabomba kwenye masta silinda, anaziba matundu kwa vizibo vyenye uzi unaolingana, anatoa upepo uliobaki ndani, kisha anakanyaga. Ikiwa pedali ni ngumu juu kabisa na haisogei, masta silinda ni nzima, tatizo liko mbele zaidi. Ikiwa bado inazama, masta ndiyo mgonjwa. Ni kazi ya muda mfupi ukilinganisha na kubahatisha spea.

Kwenye magari yenye ABS (mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki), kifaa chenyewe cha ABS kinaweza kuvujisha kwa ndani na kutoa dalili hii hii, lakini ni nadra kuliko masta silinda. Kishukiwe baada ya masta kupita kipimo cha vizibo.

Kuhusu matengenezo: kubadilisha raba peke yake kunafaa tu kama ukuta wa silinda ni laini kabisa, kucha ikipita haikwami popote. Wenye mikwaruzo, raba mpya italika kwa haraka. Masta silinda zilizotumika kutoka Japani nazo zina raba zenye umri wa gari zilikotoka. Kwa spea nyingine nakubali kununua iliyotumika bila wasiwasi, kwa masta silinda tafuta mpya.

Na jambo hili mafundi wengi hulisahau. Kwenye gari la zamani, usipampu pedali mpaka sakafuni wakati wa kutoa upepo. Kwa kawaida pistoni hutembea sehemu ya juu tu ya silinda, na sehemu ya chini isiyotumika hujikusanyia kutu na uchafu. Ukiisukuma mpaka mwisho, raba inakwenda kuchanika huko. Gari linaingia gereji na kosa la mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta gurudumuni), linatoka na masta silinda iliyokufa, na mteja anaambiwa "ilikuwa imechoka". Weka kipande cha ubao chini ya pedali kisiruhusu ifike chini.

Pedali inashuka na mafuta yanapungua

Hapa hakuna fumbo, kuna mvujo. Fuata njia ya mafuta kuanzia rahisi.

Silinda ndogo za nyuma, zile zinazokaa ndani ya dramu, ndizo zinazoongoza kwenye magari mengi tunayoendesha: IST, Probox, Noah za zamani, Hiace. Vumbi la barabara za kwenda mashambani linaingia kwenye dramu, na mafuta ambayo hayajabadilishwa miaka mingi yana maji yanayoleta kutu ndani ya silinda. Toa tairi, toa dramu, kisha kwa bisibisi ndogo funua pembeni kile kifuniko cha raba kwenye ncha ya silinda. Ukikuta unyevu mdogo uliochanganyika na vumbi, usiwe na wasiwasi. Ukikuta tone linateremka, au shuu zimelowa na kuwa nyeusi zenye kung'aa, silinda hiyo imekwisha. Shuu zilizolowa mafuta hazioshwi zikapona. Badilisha, pande zote mbili.

Angalizo kwa wenye difu ya nyuma: majimaji ndani ya dramu yanaweza kuwa oili ya difu iliyopita kwenye sili ya ekseli. Mafuta ya breki ni mepesi na yanatoka kwa maji. Oili ya difu ni nzito, inanuka vikali na maji hayaigusi.

Baada ya hapo angalia mipira ya breki, hasa inapoingia kwenye chuma na pale inapokunjwa usukani ukigeuzwa. Halafu kalipa za mbele (vibano vinavyosukuma pedi kwenye diski) kuzunguka pistoni, na ile boliti ya mpira kwenye kalipa, ambayo washa zake za shaba hurudishwa za zamani na kuanza kuvuja. Mabomba ya chuma huwa ya mwisho, isipokuwa gari lililokaa pwani kabla ya kuja huku juu: kutu ya chumvi hulila bomba pale linapofungwa kwenye bodi, mahali pasipoonekana.

Kama umezunguka kote ni kukavu na kikopo kinaendelea kupungua, chungulia pale masta silinda inapokutana na busta. Sili ya nyuma ya masta ikilegea, mafuta huingia ndani ya busta na hutaona tone popote. Rangi ya busta iliyovimba na kubanduka chini ya masta inakuonesha, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Kwenye baadhi ya magari ya manyuo klachi inakunywa kikopo hicho hicho, hivyo silinda ya klachi inayovuja nayo itakupunguzia mafuta ya breki.

Pedali ikiporomoka ghafla zaidi ya nusu halafu ikashika, fahamu kwamba njia moja kati ya mbili imepotea. Masta silinda ya gari la kisasa ina vyumba viwili, kila kimoja na magurudumu yake, ili kimoja kikifa kingine kikusimamishe. Umebakiwa na nusu ya breki. Hiyo nusu ni ya kukufikisha pembeni ya barabara.

Hapa lazima niseme kuhusu mchezo wa kufunga bomba. Silinda ya nyuma inavuja, spea haipo, fundi anakunja bomba na kulipiga nyundo au anaweka boliti ili mafuta yasifike gurudumu hilo, "utakuja kuweka ukipata hela." Gari linaondoka likiwa na gurudumu moja lisilo na breki. Siku ya kukanyaga kwa nguvu, hasa kwenye lami iliyolowa, linavuta upande mmoja na kugeuka. Nimeona magari yaliyotembea hivyo mwaka mzima yakipakia abiria. Fundi mwenzangu, usifanye. Mwenye gari, usikubali, hata ukibembelezwa kwamba ni ya muda.

Mara ya kwanza inakwenda chini, ukipampu inapanda

Ukikanyaga mara moja inashika karibu na sakafu, ukirudia haraka inashika juu na ni ngumu. Kwa dalili hii wengi hukimbilia upepo. Ukweli ni kwamba mafuta ya mkanyago wa kwanza yanatumika kuziba nafasi: shuu au pedi ziko mbali na zinapaswa kusafiri kabla ya kugusa.

Anza na dramu za nyuma. Kile kirekebishaji cha ndani, chenye meno, kinapaswa kujikaza chenyewe kadiri shuu zinavyolika. Kikijaa vumbi na kutu kinaganda, na shuu zinazidi kuwa mbali. Kwenye magari kadhaa ya Toyota kirekebishaji hujikaza kwa kuvuta hendibreki, na madereva wa otomatiki wanaoegesha kwa P tu wala hawagusi hendibreki huwa wa kwanza kuja na pedali ya chini. Kipimo ni rahisi: hesabu milio ya hendibreki. Ikipanda mpaka juu kabisa ndipo inashika, shuu ziko mbali, zimeisha, au kebo imelegea. Fundi asiikaze kebo kwanza. Afungue dramu, asafishe kirekebishaji, apake grisi ya breki kidogo kwenye uzi wake, akaze shuu hadi zikwaruze kidogo kwenye dramu, kisha ndipo aangalie kebo. Angalia pia kama kirekebishaji cha kushoto na cha kulia havijabadilishana: uzi wake unapishana, na kikiwekwa upande usio wake kinalegea badala ya kukaza.

Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya shuu za zamani zina asbesto, na vumbi lake lina madhara makubwa kwenye mapafu. Lowesha kwa maji yenye sabuni, ufute kwa kitambaa.

Mbele, tafuta beringi yenye mchezo. Gari likiwa limeinuliwa na kukaa kwenye stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Beringi ikicheza, diski inayumba na kuzisukuma pedi kurudi nyuma kila unapopita shimo, ndiyo maana pedali ni ya chini ukitoka kwenye barabara mbovu na inakuwa nzuri ukikaa kwenye lami. Pedi zilizolika upande mmoja kwa sababu pini za kalipa zimeganda nazo huleta hali hii.

Inabonyea, haina mwisho

Pedali haigusi sakafu, ila unapokanyaga huwezi kuhisi mahali inapogota. Hapa ndipo upepo unapostahili kushukiwa, na swali ni lile lile la mwanzo: ulipitia wapi? Kama mfumo ulifunguliwa karibuni, basi haukutolewa wote. Kama haukufunguliwa, rudi kwenye sehemu ya mvujo.

Mipira iliyozeeka hutanuka. Mwambie mtu akanyage breki injini ikiwa inanguruma, wewe shika mpira wa mbele kwa vidole viwili, gia ikiwa P na magurudumu yamezuiwa. Ukihisi unavimba chini ya vidole, au una nyufa, badilisha. Fundi anaweza pia kubana mpira mmoja mmoja kwa vibano maalumu vyenye midomo laini na kuona ni upi ukibanwa pedali inakuwa ngumu. Koleo la kawaida la kubania litauchana mpira kwa ndani, na utakuwa umetengeneza tatizo jipya.

Pedi mpya za bei ya chini ambazo mgongo wake umepinda huleta kubonyea kwa siku za mwanzo. Mara chache huisha zenyewe pedi zikikaa, na zisipokaa haraka zirudishe dukani.

Asubuhi nzuri, mteremkoni inapotea

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji hayo hushusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi joto 205, ikishakuwa na maji asilimia 3.7 kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka kutoka Marangu hadi Himo mguu ukiwa juu ya breki muda wote, au ukiteremka Mto wa Mbu ukitokea Karatu na gari lililojaa, kalipa zinapata moto, mafuta yenye maji yanachemka na kuwa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Pedali inakwenda chini. Ukikaa pembeni nusu saa inarudi, na fundi mjini haoni kosa lolote.

Tofautisha na pedi zilizopata moto kupita kiasi: hapo pedali inabaki ngumu ila gari halisimami, na kuna harufu kali ya kuungua.

Dawa ni kubadilisha mafuta yote, kila baada ya miaka miwili hivi, na kushuka kwa gia badala ya mguu. Ikiwa gurudumu moja lina moto kuliko mengine (peleka kiganja karibu na rimu bila kugusa), kalipa yake imekwama, ishughulikiwe. Na tafadhali, tuache kumwagia maji ya baridi magurudumu yenye moto tukifika chini. Diski hupinda au kupasuka.

Imeanza baada ya kutoka gereji

Kalipa zimebadilishana, ya kushoto imewekwa kulia. Zinafunga vizuri kabisa, lakini nipo inakuwa chini, na upepo unaokaa juu hautoki hata ukipampu kutwa. Nipo lazima iwe juu ya kalipa. Angalia kwa macho, ni sekunde tano.

Upepo umeingia kwenye ABS kwa sababu kikopo kiliachwa kikauke wakati wa kazi. Mara nyingi hautoki mpaka mashine ya kupimia iendeshe pampu ya ABS.

Kisha lile baya kuliko yote: mafuta yasiyo yake. Mtu ameweka oili ya usukani, ya gia au ya injini kwenye kikopo cha breki, au fundi ameosha raba kwa petroli au dizeli. Raba za breki huvimba na kulainika zikiguswa na mafuta hayo. Ukifungua kifuniko cha kikopo ukakuta raba yake imevimba na haikai tena mahali pake, shuku hili. Chukua matone kidogo kwa sirinji, tia kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika, oili huelea. Ikielea, usiendeshe. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Masta silinda, raba za kalipa, silinda ndogo, mipira, vyote vinabadilishwa na mabomba kusafishwa. Ni gharama ya kuumiza, najua, lakini raba zilizokwisha kuvimba hazirudi.

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye nazo hata ikiuzwa rahisi. Fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo.

Ukishatibu chanzo, toa upepo hivi

Gari likae kwenye stendi imara, usilale chini ya gari lililo kwenye jeki peke yake. Tumia mafuta mapya kutoka chupa iliyokuwa imefungwa, na yale yaliyotoka usiyarudishe. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi unaanza gurudumu lililo mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Magari mengine yana utaratibu wake, na yale yenye vali ya mzigo kule nyuma (inayopima breki za nyuma kwa uzito uliopakiwa) yanaweza kuwa na nipo ya ziada hapo.

Vesha nipo mpira mwembamba unaoonesha ndani, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia, wewe fungua robo mzunguko, funga kabla hajainua mguu. Kukanyaga haraka haraka kunavunja upepo kuwa mapovu madogo ambayo hayatoki. Jaza kikopo kila baada ya mikanyago michache. Nipo ikiwa imeshikwa na kutu usiilazimishe, itakatikia ndani ya kalipa. Ipashwe na kulainishwa na mwenye uzoefu. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi hapo hapo.

Kabla ya kutoka getini, rudia kile kipimo cha nusu dakika, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Jaribu breki kwa mwendo wa kutembea kwa miguu, kisha kilomita 20 kwa saa mahali pasipo na watu, uangalie kama gari linavuta upande. Weka alama kwa kalamu kwenye kikopo, usawa wa mafuta yalipo, na uitazame kila asubuhi kwa wiki mbili zinazofuata. Yakishuka chini ya alama hiyo, rudisha gari kwa fundi, na safari hii usikubali nipo yoyote ifunguliwe kabla hajakuonesha panapovuja.